Mlio wa Mashine na Wajibu wa Asikiaye

Wahenga walisema kwamba kusikia si kuona. Kwa methali hiyo walitaka kutuonya tusiamini upesi habari iliyopita katika vinywa vingi kabla ya kufika masikioni mwetu. Onyo hilo ni jema, lakini limezaa dhana isiyo njema: kwamba jicho ndilo shahidi wa kweli, na sikio ni shahidi wa akiba ambaye ushahidi wake hupokewa pale tu jicho likosekanapo. Dhana hiyo si yetu peke yetu. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alianza kitabu chake cha Metafizikia kwa kuisifu hisi ya kuona juu ya hisi nyingine zote, kwa sababu ndiyo ituoneshayo tofauti nyingi za vitu.

Nataka katika kurasa hizi kulitetea sikio, na nimechagua kulitetea kwa mfano wa chombo kisicho na fahari yoyote: msumeno wa injini wenye mpini mrefu, utumiwao kukata matawi ya juu na mtu asimamaye chini. Swali lililo mbele yetu ni hili. Mtu asikiaye mashine ikilia vibaya, naye akaendelea kuitumia mpaka ikaharibika au ikamdhuru mwenzake, je, ametenda kosa la maadili, au amepata hasara tu? Wengi watajibu kwamba mashine haina roho, haina haki, na mwenye mali ana hiari ya kuiharibu mali yake. Jibu hilo ni jepesi mno, na ningependa msomaji alipime pamoja nami kabla ya kulikubali.

Tulichukue swali hili tulipeleke Kerende, maana falsafa isiyo na mahali pa kukaa hupeperuka. Kerende ni kijiji cha Tarime, Mkoa wa Mara, katika nchi ya Wakurya, upande wa Nyamongo. Si mbali na hapo hupita Mto Mara, utokao milima ya Mau katika Kenya na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kijiji hicho ni jirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kuzalisha mwaka 2002. Mtu akaaye katika vijiji vya namna hii huishi katikati ya injini. Yapo malori makubwa ya mgodi, zipo karasha za wachimbaji wadogo zisagazo mawe, zipo pikipiki zipandazo vilima na abiria wawili, na zipo mashine za kusaga nafaka. Mama aliyejitwika mahindi yake hujua kwa mlio, kabla hajaiona paa ya nyumba ya mashine, kama jiwe linasaga au linazunguka bure, na kama foleni itakwenda upesi au atarudi nyumbani jioni. Hakufundishwa elimu hiyo darasani. Ameipata kwa kuishi, kama babu zake walivyojua kwa mlio wa kengele shingoni mwa ng'ombe kama kundi linachunga kwa utulivu au limeshtuka.

Wakurya wana kinubi chao kikubwa cha nyuzi nane kiitwacho litungu. Mpigaji wa litungu hawezi kuona kwa macho kama uzi umelegea kiasi kidogo. Uzi uliolegea na uliokaza hutazamika sawasawa. Hulisogeza sikio, huugusa uzi, huukaza, huugusa tena. Katika kazi hiyo jicho ni mgeni na sikio ndilo mwenyeji. Nasema hivi ili isidhaniwe kuwa kuusikiliza msumeno ni jambo geni lililoletwa pamoja na petroli. Sikio lililofundishwa lilikuwako zamani. Injini imelipa kazi mpya tu.

Yatupasa sasa kujua mlio wenyewe ni nini. Misumeno mingi ya namna hii huendeshwa kwa injini ndogo ya mapigo mawili, ya jamii ile ambayo Mwingereza Joseph Day aliipatia hataza mwaka 1891. Kazi yake ni rahisi kueleza. Pistoni ipandapo hukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli. Plagi hutoa cheche. Moto huisukuma pistoni chini. Nayo ishukapo hufungua njia moshi utoke na mchanganyiko mpya uingie. Kila mzunguko mmoja una mlipuko mmoja. Basi injini izungukayo mara 3,000 kwa dakika hulipuka mara 50 katika sekunde moja, na izungukayo mara 9,000 hulipuka mara 150. Mlio tuusikiao ni milipuko hiyo ikifuatana upesi hata sikio lisiweze kuihesabu mmoja mmoja. Hapo sikio huigeuza hesabu kuwa sauti. Hakuna mtu awezaye kuhesabu mara 150 katika sekunde moja, lakini mtu yeyote mwenye masikio mazima hujua mara 150 zikishuka kuwa 120, maana sauti imeshuka. Jicho halina uwezo huo. Mbele ya kitu kizungukacho kwa kasi hiyo jicho huona ukungu mtupu.

Zaidi ya hayo, umbo la chombo hiki limempa sikio cheo ambacho halina katika kazi nyingine. Katika msumeno wa kawaida wa injini, ambao mafundi huuita chenso, mnyororo uko mbele ya macho ya mtumiaji. Katika msumeno wa mpini mrefu injini iko kiunoni pake, na mnyororo uko mita kadhaa juu, ndani ya majani. Kati ya hivyo viwili kuna ufito wa chuma uzungukao ndani ya bomba, na kichwani kuna gia ndogo zitakazo grisi yake. Mtu husikia hapa, mnyororo hukata kule. Jua limpige usoni, vumbi la mbao lianguke juu ya miwani yake, naye hana budi kuamua kwa sauti: injini imebanwa au iko huru, mnyororo umekwama au unapita, tawi limeanza kuvunjika au bado. Wasemao kwamba sikio ni shahidi wa akiba na waje wasimame chini ya tawi hilo.

Nimekwisha kusema kwamba sikio hujua. Lakini kujua si jambo jepesi, na hapa tunafika mahali ambapo mashine hii yatufundisha neno lipitalo useremala na ukataji wa miti. Injini ya mapigo mawili haina birika la oili ndani yake. Oili huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa katika tangi: mililita 100 katika lita 5 pale mtengenezaji aagizapo uwiano wa 50 kwa 1, au mililita 200 pale aagizapo 25 kwa 1. Maana yake petroli ndiyo chakula cha injini, na humo humo ndimo yalimo mafuta ya kuilainisha. Chakula kikipungua, kilainisho nacho kimepungua. Sasa, chujio la petroli likianza kuziba, au tundu dogo la kabureta likishika uchafu, au hewa ikipenya mahali ambapo maungio yamelegea, injini hupata hewa nyingi na petroli kidogo. Joto lake hupanda, pistoni hukauka, na mwisho wake pistoni huikwaruza silinda, na chombo kimekufa.

Na mlio wake huwaje wakati huo? Hapa ndipo penye mtego. Huwa mtamu. Injini yenye hewa nyingi na petroli kidogo hulia kwa sauti nyembamba, safi, ya juu, isiyo na mikwaruzo. Asiyejua husimama akaifurahia, akawaambia wenzake kwamba leo mashine inaimba. Kumbe inaimba wimbo wa kufa kwake. Injini iliyopata petroli ya kutosha, ikivutwa moto mwingi bila kugusa mti, hulia kwa ukali uliochanganyika na kukatika kidogo, kwa sababu baadhi ya mizunguko hupita bila mlipuko, na sauti hushuka kuelekea nusu ya kimo chake. Fundi mwenye uzoefu hupenda kuusikia ukali huo mdogo. Mnyororo ukishagusa mti na injini ikapata kazi ya kufanya, ukali huo huondoka na sauti husafika. Basi usafi wa sauti ni dalili njema wakati wa kazi, na ni dalili mbaya wakati wa uvivu.

Sidhani kama kuna mwalimu wa maadili awezaye kutunga fumbo bora kuliko hili. Mara ngapi tumeipenda sauti nyororo na kuichukia sauti yenye mikwaruzo, bila kuuliza ipi kati ya hizo mbili inayotoka katika afya? Nyumba isiyo na mnung'uniko hata mmoja hudhaniwa kuwa nyumba ya amani, na huenda ikawa ni nyumba ambayo watu wake wamekauka. Mkutano ambao kila kinywa chasifu hudhaniwa kuwa mkutano wa umoja. Tena sauti ile ile huwa na maana mbili kwa kadiri ya hali itokamo. Haitoshi kujua jinsi injini iliavyo, yataka kujua wakati huo inafanya nini. Kusikia kwa haki ni kusikia sauti pamoja na mazingira yake.

Jambo la pili ambalo sikio hufundishwa ni kutohukumu upesi. Injini ikishuka sauti kila mnyororo ugusapo mti, mwenye haraka husema kwamba injini haina nguvu, hushika bisibisi, na kuanza kuzungusha misumari ya kabureta. Mara nyingi injini haina hatia yoyote. Meno ya mnyororo yamekuwa butu, na ushahidi wake umelala chini miguuni: msumeno mkali hutupa vipande vya mbao, msumeno butu hutupa unga. Mwenye kuendelea kuusukuma msumeno butu huilazimisha injini ifanye kazi ya meno, na ikiungua huilaumu. Pengine chujio la hewa limejaa vumbi, na injini inanyimwa pumzi mpaka inalia mlio mzito wenye moshi. Pengine kichungi kidogo cha ekzosi kimezibwa na masizi, na mlio umekuwa kama wa mtu aliyefunikwa blanketi. Pengine injini inamisi, kama mafundi wasemavyo, na plagi ikifunguliwa yasema yenyewe: nyeusi na yenye majimaji kama petroli imezidi, nyeupe iliyoungua kama imepungua, kahawia nyepesi kama mambo ni sawa. Pengine ni mlio wa utulivu upandao na kushuka wenyewe bila kuguswa, na hapo hewa inaingia kwa mlango usio wake.

Fundi mwema huanza na mambo mepesi na ya nje kabla ya kufika mambo magumu ya ndani. Hutazama mnyororo, kisha chujio, kisha petroli imekaa muda gani katika dumu, kisha plagi, na kabureta huifikia mwisho. Utaratibu huo ni wa haki kwa sababu ni wa hekima: humwita kila shahidi kabla ya kutoa hukumu. Wakurya walikuwa na baraza la watu wote liitwalo iritongo, ambamo mashauri ya kijiji yalizungumzwa hadharani, na mtu mwenye neno alilisema. Fundi afunguaye chujio kabla ya kuilaumu injini ameitisha iritongo yake ndogo juu ya meza ya karakana.

Tulirudie sasa swali letu. Kama mashine haina roho, wajibu huu ni kwa nani? Nakubali kwamba hakuna awezaye kuidhulumu pistoni. Chuma hakiumii. Lakini hoja hiyo huthibitisha neno moja tu, nalo ni kwamba wajibu hauishii katika mashine. Haithibitishi kwamba wajibu haupo. Daraja halina roho, hata hivyo aliyelijenga kwa udongo mbovu ana hatia. Kupitia chombo mtu huwafikia watu. Klachi ya msumeno, springi yake ikichoka, huendelea kuuzungusha mnyororo hata moto ukiachiwa, na mlio wa utulivu hubeba ndani yake mchakacho wa mnyororo ambao ungepaswa kunyamaza. Aliyeusikia mchakacho huo akaushusha msumeno kati ya wenzake hakulikosea shirika lililoutengeneza, wala hakuikosea klachi. Amekosa kwa mguu wa yule asimamaye karibu naye. Vitabu vingi vya watengenezaji hutaka watu wengine wakae umbali wa mita 15 kutoka katika msumeno wa namna hii ufanyapo kazi, na huonya vikali juu ya nyaya za umeme, kwa maana mpini wake hauzuii umeme. Maagizo hayo yanazungumza juu ya chuma, lakini yameandikwa kwa ajili ya nyama na damu.

Na hapa lugha yetu yatusaidia. Katika Kiswahili kusikia kuna maana zaidi ya kupokea sauti. Mtoto msikivu ni mtoto afuataye aliloambiwa, na mtoto asiyesikia ana masikio mazima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapana aliyedhani kwamba methali hiyo yamhusu kiziwi. Sikio la kufa halisikii dawa, na dawa haina sauti. Wahenga, walipoliweka tendo la kutii ndani ya neno la kusikia, walikuwa wametatua swali letu kabla hatujalizaliwa. Kuona hakutudai neno. Mtu aweza kutazama mlima maisha yake yote asiwiwe kitu na mlima. Lakini kusikia, kwa Kiswahili, hakujakamilika mpaka kitendo kimefuata. Mtu aliyeusikia mlio mbaya akaendelea na kazi, kwa haki ya lugha hii, bado hajasikia.

Kwa hiyo nawagawa wasikiao katika makundi matatu. Wa kwanza ni yule ambaye sauti yamfikia lakini haina maana kwake, kwa kuwa hakufundishwa. Huyu hana hatia kubwa, na kama ipo, sehemu yake kubwa ni ya yule aliyempa chombo bila mafunzo. Wa pili ni yule ajuaye kwamba mlio umebadilika, lakini haulizi, kwa kuwa hataki kujua. Ujinga wake si bahati mbaya. Ameuchagua, na ujinga uliochaguliwa hauwezi kuwa kinga. Wa tatu ni yule ajuaye na anyamazaye. Katika hao watatu huyu ndiye mwenye deni zito, na ndiye ambaye hukumu yetu yataka kuwa na uangalifu kuliko wote, maana hatujauliza kwa nini amenyamaza.

Huenda amenyamaza kwa sababu msumeno si wake. Kibarua aliyekodiwa kupunguza matawi husikia mlio mbaya kabla ya mwenye mali, kwa sababu yeye ndiye aliyeubeba. Akisimama kufungua plagi, saa inakwenda na ujira haukui. Akimwambia mwenye chombo, huambiwa amalize kwanza tawi hili, na baada ya tawi hili liko jingine. Akirudia neno lake, kesho ataitwa mwingine asiye na maneno. Je, tumhukumu mtu huyu sawasawa na mwenye mali ambaye angeweza kusimamisha kazi kwa neno moja? Sivyo. Wajibu hufuata uwezo kama kivuli kimfuatavyo mtu. Asikiaye ana wajibu wa kusema. Awezaye kusimamisha kazi ana wajibu wa kuisimamisha. Na amzuiaye mwenziwe kusema hujitwika mizigo yote miwili. Bwana aliyewazoesha wafanyakazi wake kunyamaza amejitoboa masikio kwa mkono wake, kwa kuwa masikio yao ndiyo yaliyokuwa yake.

Iko hoja moja niisikiayo mara kwa mara, nami siikubali. Husemwa kwamba mtu atunzaye vyombo vyake vyema atawatunza watu vyema pia. Laiti ingekuwa hivyo! Wako watu wafutao mashine kila jioni kwa kitambaa laini, wakaifunga katika ghala kavu, wakabadili chujio kabla ya siku yake, na mtu aliyeibeba mashine hiyo kutwa wakamwacha aende nyumbani akiwa na mlio usiokoma masikioni. Matunzo yao ni kamili, na yameishia katika chuma. Kitunze kikutunze, ni kweli. Lakini methali hiyo ikikomea kwa vitu imekatwa nusu. Kipimo cha matunzo ya kweli ni kuuliza yanaishia wapi.

Na jambo la mlio usiokoma masikioni latupeleka katika sehemu iliyo nzito kuliko zote. Sikio tulilolisifu huliwa na kitu kile kile linachokisikiliza. Misumeno ya injini hupita desibeli 90 sikioni mwa mtumiaji, na mingi hufika 100 na zaidi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeshauri kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo upunguzwe nusu: saa 4 kwa desibeli 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94. Ukifika desibeli 100 iliyobaki ni robo saa. Vinyweleo vidogo vya sikio la ndani vipokeavyo sauti, vikifa, haviroti tena. Tena uharibifu huo huanzia sauti za juu. Mtu hupoteza kwanza mlio mwembamba wa beringi iliyokauka na mnong'ono wa konsonanti katika maneno ya wenziwe. Mlio mzito huendelea kuusikia, na kwa hiyo hujidanganya kwamba masikio yake ni mazima. Basi fundi asiyelinda sikio lake hupoteza elimu yake kidogo kidogo bila kujua, na baada ya miaka huiongoza mashine kwa kumbukumbu ya sauti asiyoisikia tena. Shahidi wetu mwema ameuawa mahakamani, akiwa anatoa ushahidi.

Wengine husema kwamba kuziba masikio ni kujinyima maonyo yale yale niliyoyasifu. Hofu hii ina sababu, lakini haifiki mbali. Vizibo vya masikio hupunguza ukubwa wa sauti. Havifuti kimo chake. Injini iliyoshuka kutoka milipuko 150 hadi 120 kwa sekunde husikika kuwa imeshuka hata ndani ya vizibo. Penye mambo mawili ambayo vizibo huficha, yaani sauti ya mtu aitaye na mpasuko wa tawi lianzalo kuvunjika, dawa yake ni mwenzi asimamaye mbali kwa usalama, mkabala na macho ya mkataji, na ishara ya mkono waliyopatana. Na lugha yetu tena yatukumbusha kitu. Mswahili husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu ya maua na maumivu ya mguu. Mkono ulioshika mpini husikia mtetemo, na mtetemo ulioongezeka huwa umetangaza msumari uliolegea au mnyororo uliopinda kabla sauti haijasema. Kusikia ni kazi ya mwili mzima. Hata mkono nao una kikomo chake, kwa maana mtetemo wa siku nyingi huua hisi ya vidole. Kwa hiyo wajibu wa kupumzika ni sehemu ya wajibu wa kusikia.

Mtu wa leo aweza kuuliza kama wajibu huu hautachukuliwa na vyombo. Tangu miaka ya 2010 Mmarekani Topher White na wenzake wamefunga simu kuukuu juu ya miti ya misitu, kwanza katika Indonesia, ili zisikilize usiku na mchana na kutoa taarifa pindi mlio wa msumeno usikikapo mahali pasiporuhusiwa kukata. Ni kazi ya kusifiwa, na ni ushahidi mwingine kwamba mlio husema kweli ambayo jicho haliwezi kuifikia ndani ya msitu mnene. Lakini tazama inapofikia. Simu husikia, hutuma habari, na habari hufika mkononi mwa mtu. Mtu huyo akiinuka, msitu umepona. Akigeuka upande wa pili akalala, simu imesikia bure. Chombo chaweza kupokea sauti badala yetu, na pengine kwa uhodari kutupita. Hakiwezi kuwajibika badala yetu. Kwa maana ile ya Kiswahili, chombo hakijapata kusikia hata siku moja.

Mwaka 1816 tabibu Mfaransa René Laennec alikunja karatasi, akaiweka upande mmoja kifuani mwa mgonjwa na upande wa pili sikioni mwake, akausikia moyo vizuri kuliko alivyopata kuusikia kabla. Fundi wa karakana awekaye ncha ya bisibisi juu ya injini na kitako chake sikioni hufanya tendo lile lile. Kati yao wawili twajua vema deni la tabibu: akishausikia moyo unaodunda vibaya hana ruhusa ya kukunja karatasi yake na kwenda zake. Watu wachache wametambua kwamba fundi naye ana deni la jamii hiyo, dogo kwa kadiri lakini si la asili nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa mashine, kabla haujaonekana, husikika.

Jibu langu basi ni kwamba aliyesikia na asitende amekosa, kwa kadiri ya ujuzi wake na kwa kadiri ya uwezo wake, wala kosa lake si kwa chuma. Amewakosea wale ambao usalama wao ulikuwa umekabidhiwa kwa sikio lake bila wao kujua: asimamaye chini ya tawi, atakayekiazima chombo kesho, na kibarua ambaye neno lake halikupata mtu wa kulipokea. Siku tawi litakapoanguka, wote watakuja kuona. Wakati wa kusikia ulikuwa kabla ya hapo.